Shokomzoba za Watoto wa Kiloleli

Linapotajwa neno utamaduni, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma. Huenda sisi Wasukuma tumelizidisha kosa hilo kuliko wengine, kwa kuwa tumejaliwa ngoma nyingi na mashabiki wengi zaidi. Mavuno ya pamba na mtama yakimalizika, Wagika na Wagalu huteremka uwanjani kushindania watazamaji, kila upande na manju wake na mbinu zake, na mgeni afikaye siku hiyo hurudi kwao akisema kwamba ameuona utamaduni wa Wasukuma. Ameuona kweli, ila hakuuona wote. Wale watoto waliojisukuma mbele ya umati ili waone vizuri walikuwa wameacha vyombo vyao chini ya mkwaju, navyo vilikuwa magari ya waya, ya mabua ya mtama na ya mbao, kila gari likiwa na hila yake ya kupita juu ya ardhi mbovu bila ya kuvunjika. Kuhusu hila hiyo ndiko tunakotaka kuzungumza.

Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, yameandikwa mengi juu ya ngoma, ngano, mavazi na desturi za ndoa. Juu ya vitu wanavyojitengenezea watoto yameandikwa machache, na hata hayo machache husema tu kwamba watoto wetu ni wabunifu, kisha hupita. Hatuwalaumu waandishi. Mtu mzima akimwona mtoto ameinama juu ya kopo na waya hudhani kwamba anaona mchezo, wala haulizi kopo lile linafanya kazi gani.

Kiloleli ni kata ya Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Sisi tulipokuwa watoto hapakuwa na mkoa huo; tulihesabiwa watu wa Mkoa wa Mwanza, hata mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Simiyu ambao makao yake makuu ni Bariadi. Asiyeijua nchi ile hana budi aelezwe habari za udongo wake, maana bila ya udongo hadithi yetu haina miguu. Wakulima wa Kisukuma hutofautisha ardhi kwa majina: luseni ni ile ya kichanga, nyepesi, inayonyweka maji upesi, mbuga ni ile nyeusi ya mabondeni, ambayo wakati wa mvua hunata kama ugali na wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka. Ng'ombe hupita mbugani ikiwa tope, kila kwato huacha shimo lake, kisha jua huyaoka mashimo yale yakawa magumu kama tofali. Kuanzia mwezi wa Juni hata Oktoba njia ya ng'ombe huwa ni maelfu ya vikombe vya mawe vilivyopangwa bila ya mpango. Mtu mzima huvikanyaga akaguna tu. Kwa gari la mtoto, ambalo gurudumu lake limekatwa katika kandambili kuukuu, kila kikombe ni korongo.

Tulikuwa na mchezo wetu. Tuligawana pande mbili kama tulivyowaona wakubwa wakigawana, tukachagua njia ya ng'ombe yenye hatua kama 60, na kila mmoja akaweka juu ya gari lake kizibo cha soda kilichojaa maji. Aliyefika mwisho na maji mengi zaidi kiziboni ndiye aliyeshinda. Mwendo haukuhesabiwa. Gari liliongozwa kwa ufito mrefu wenye usukani wa waya, nawe ulikimbia au ulinyata nyuma yake kadiri ulivyotaka, lakini maji ndiyo yaliyotoa hukumu. Hatukujua wakati ule kwamba tulikuwa tumebuni kipimo ambacho mhandisi wa magari asingekidharau.

Mwanzoni tulifunga ekseli moja kwa moja kwenye mwili wa gari, na maji yalimwagika yote kabla ya hatua ya kumi. Kisha mwenzetu mmoja akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaining'iniza ekseli juu yake. Tulimshangilia mapema mno. Gari lilipopiga kikombe cha kwanza mpira ulivutika vizuri, lakini uliporudi ulilirusha gari juu, likashuka, likarushwa tena, na kabla halijatulia lilikuwa limekutana na kikombe cha pili. Maji yalimwagika vile vile, isipokuwa safari hii yalimwagika kwa madaha. Tukajifunza jambo ambalo watu wengi waendeshao magari hawalijui hata leo, kwamba springi peke yake haitulizi kitu. Springi hupokea pigo, hulihifadhi, halafu hulirudisha lote kwa yule aliyeitumia.

Dawa tuliyoipata ilikuwa ya kupachika vipande viwili vya kandambili mahali mkono wa ekseli ulipojikunja, tukavibana kwa msumari uliopindwa ili visuguane kila mkono uliposogea. Ukibana sana, mkono hausogei na mpira hauna kazi. Ukilegeza, gari linarudia kurukaruka. Baina ya hayo mawili palikuwa na mahali padogo ambapo gari lilibonyea, likarudi, likatulia. Miaka mingi baadaye tulisoma kwamba magari ya Ufaransa na Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 yalitulizwa kwa njia hiyo hiyo, kwa visahani vilivyobanwa na kusuguana, navyo viliitwa kwa majina ya Truffault na Hartford. Hatusemi kwamba tuliwatangulia. Tunasema kwamba tulifika mlango ule ule kwa njia ya ng'ombe.

Mtu aweza kuuliza kwa nini watoto walitaabika hivyo kwa ajili ya kizibo cha maji. Wengine, kwa ajili ya kushinda tu. Kwetu sisi kulikuwa na sababu nyingine. Mwezi wa Julai mwaka 1974, mwaka ambao watu wengi walikuwa wakihamia vijijini, mama yetu alishikwa na uchungu usiku, nao haukuwa uchungu wa kawaida. Zahanati ilikuwa mbali na hapakuwa na gari. Baba alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Mkokoteni wa ng'ombe, kwa asiyeujua, ni sanduku la mbao juu ya ekseli ya chuma. Baina ya sanduku na ekseli hamna kitu chochote ila boliti. Kila kwato iliyokauka katika mbuga ilipita katika gurudumu, ikapita katika ekseli, ikaingia katika mwili wa mama. Tulitembea kando na taa ya chemli, tukasikia. Baba alisimama mara mbili, akawafungua ng'ombe kana kwamba anataka kurudi, akawafunga tena. Mara ya tatu alirudi nyumbani akikimbia, akaleta magunia matatu ya pamba ambayo ilikuwa inangoja mnunuzi, akayatandika chini ya mama. Kutoka hapo sauti ilipungua. Pamba ilibonyea chini ya uzito, wala haikurusha. Nyuzi zake zilisuguana zenyewe kwa zenyewe na pigo likafia humo ndani. Mama alifika, mtoto akazaliwa salama, naye ni ndugu yetu wa mwisho. Pamba ile ilishushwa daraja kwa sababu ilikuwa imechafuka, na baba hakupata kulalamika juu ya jambo hilo.

Tumeyataja haya kwa sababu ndugu yetu huyo ndiye aliyetuita nyumbani mwaka juzi tukae kikao juu ya mwanawe.

Kijana alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo yake hayakuwa mazuri. Baba yake alikuwa amemtafutia nafasi ya kuuza duka, akaikataa. Akamtafutia nafasi ya kuchunga ng'ombe wa mjomba, akaenda na kurudi. Siku nzima alikuwa chini ya mwembe na gari la kuchezea. Na si gari la waya kama letu. Alikuwa ameokota mabaki ya magari mawili ya kuongozwa kwa redio, yale ya plastiki yatokayo China ambayo watoto wa mjini huyatupa yakiisha nguvu. Akatoa mota, akatoa kipokezi chake na rimoti yake, akaviweka katika mwili alioujenga mwenyewe kwa mbao na bati. Betri alitoa katika kompyuta iliyokufa. Baba yake alituambia kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba mtoto wa miaka 19 anacheza na gari, na kwamba anataka wazee waje waseme neno kabla hajalichoma gari lile.

Magari ya namna hii si mageni duniani. Huko Italia yaliuzwa tangu miaka ya 1960, na kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa gari lake la kwanza la redio mwaka 1976 mchezo huo ulienea nchi nyingi. Wapenzi wake hununua kila kitu dukani: shokomzoba ndogo zenye urefu wa kidole, mafuta ya silikoni yaliyopangwa katika chupa kwa namba za mnato wake, springi za rangi rangi kwa kila aina ya uwanja. Kijana wa Kiloleli hakuwa na duka hilo. Alikuwa na duka la dawa za mifugo, fundi baiskeli, na mshona katambuga.

Tulifika jioni. Kijana akatuamkia, "Shikamoo Baba Mkubwa," akatupokea mkoba, akarudi chini ya mwembe. Tulimfuata huko kabla ya kikao, maana mtu hahukumiwi kwa habari za simu, tukakaa naye hata giza likaingia. Alilotuonyesha tutalieleza kwa urefu, na msomaji asiyependa mambo ya ufundi atatuvumilia.

Shokomzoba, au shokapu kama mafundi wa pikipiki wanavyoiita, ni silinda yenye mafuta, na ndani yake pistoni iliyotobolewa matundu. Gurudumu likipanda, pistoni husukumwa, na mafuta hayana pa kupita ila katika matundu yale. Kupita huko kwa taabu ndiko kunakokula nguvu ya pigo na kuigeuza kuwa joto. Springi hushika uzito wa gari. Mafuta huzuia springi isifanye ujeuri. Silinda ya kijana ilikuwa bomba la sindano la mililita 5, jipya, lililonunuliwa dukani kwa ajili ya kuchanja mifugo. Alikuwa ameliziba tundu la sindano kwa kuliyeyusha kwa kisu cha moto. Pistoni ilikuwa kisahani kilichokatwa katika ndoo iliyopasuka, chenye matundu mawili yaliyotobolewa kwa sindano iliyopashwa moto. Mti wa pistoni ulikuwa spoki ya baiskeli, unene wake milimita 2, imara na laini; upande wake wenye nyuzi ulibana kisahani kwa nati zake ndogo. Sili ilikuwa ile mpira nyeusi iliyo kichwani mwa kisukumio cha bomba lenyewe, imetobolewa katikati ikapitisha spoki, ikashindiliwa mdomoni mwa silinda na kufungwa kwa uzi wa nailoni.

Springi ndizo zilizompa taabu kwanza. Za kalamu zilikuwa dhaifu. Waya wa kawaida wa kufungia uzio, ukiuzungusha kuwa springi, hubonyea ukabaki vivyo hivyo. Akaenda kwa mshona katambuga, ambaye akikata tairi huitupa ile kingo yake ngumu, na ndani ya kingo hiyo mna waya wa chuma kigumu sana. Vijana wengine huchoma tairi ili waupate waya huo kwa urahisi. Naye alifanya hivyo mara ya kwanza, na springi zake zikalegea kama za uzio. Hapo akatambua kwamba moto umeuondolea waya tabia yake, na tangu siku hiyo huuchambua kwa kisu na subira. Tulifurahi kusikia hivyo. Wahunzi wa Kirongo waliowauzia babu zetu majembe waliijua siri hiyo ya moto na chuma, nao waliifundisha kwa watoto wao wenyewe tu. Huyu hakufundishwa na mtu.

Tukamwuliza habari za mafuta, na hapo ndipo alipochangamka, akaacha kutazama chini. Alianza na oili chafu ya pikipiki. Ilifanya kazi siku chache, kisha mpira wa sili ukavimba, ukaibana spoki hata ikakwama. Akajaribu mafuta ya pamba ya jikoni kwa mama yake. Hayo yalikaa vizuri kwa muda, halafu yakaanza kuwa mazito yenyewe na kunata kama gundi, maana mafuta ya pamba yakikutana na hewa hubadilika. Siku moja akamwona dada yake anajipaka gliserini. Aliitazama inavyotiririka polepole kiganjani, akaomba kijiko kimoja, akanyimwa, akanunua chupa yake.

Gliserini haiudhuru mpira. Tena ina fadhila nyingine, kwamba huchanganyika na maji, hivyo mtu aweza kuupunguza mnato wake kadiri atakavyo: sehemu moja tu ya maji katika kumi yatosha kuushusha mnato hata chini ya theluthi ya ule wa kwanza. Kijana alikuwa na vichupa sita vilivyopangwa juu ya ubao, vimeandikwa kwa kalamu ya risasi 0, 1, 2, 3, 4, 5, na kila namba ni sehemu za maji katika ishirini. Huko Japani chupa hizo hununuliwa. Hapa mtu amejipangia mwenyewe. Akatueleza pia kasoro zake, bila ya kuficha. Gliserini huogopa joto. Kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 30 mnato wake hupungua kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo gari lililotulia saa moja asubuhi huanza kurukaruka saa saba mchana, na inabidi lipewe chupa nyingine. Tena huvuta unyevu wa hewa, na wakati wa mvua hujipunguza yenyewe polepole. Namba hizo za joto hakuzijua yeye, tulizitafuta baadaye. Yeye alisema tu, "Mchana linakuwa na kiherehere."

Kosa lililomgharimu zaidi lilikuwa la kujaza. Mtu hudhani kwamba silinda ikijaa pomoni ndiyo bora. Lakini spoki inapoingia ndani inachukua nafasi, na mafuta hayashindiliki. Spoki ya milimita 2 ikiingia milimita 25 husukuma karibu sehemu 8 za mia ya mililita, nayo yaonekana kuwa si kitu, ila silinda iliyojaa haina hata nafasi hiyo. Gari lake liliruka tuta, likatua, na sili zote mbili za mbele zikafyatuka kama risasi, gliserini ikammwagikia mtoto wa jirani machoni. Hakuumia, maana ilioshwa kwa maji upesi, lakini mama wa mtoto alikuja na maneno. Nadhani hapo ndipo ndugu yetu alipoanza kufikiri habari za kiberiti. Tangu wakati huo kijana huacha nafasi ndogo ya hewa juu, na huifunga silinda kichwa chini, spoki ikitazama gurudumu, ili hewa ikae juu na pistoni isiifikie. Pistoni ikionja hewa, hewa na mafuta huchanganyika kuwa povu, na povu halitulizi kitu.

Kwa hiyo kila Jumamosi huzifungua zote nne. Huziosha kwa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa gliserini haihitaji petroli. Huifuta spoki, maana maji yaliyomo huleta kutu, na spoki yenye kutu hukata sili kama msasa. Hutazama kama vumbi la mbuga limepenya. Kisha hujaza, na hapo hana haraka. Huivuta pistoni juu polepole, huishusha polepole, anangoja. Viputo hupanda kimoja kimoja. Akiona kimebaki hata kimoja chini ya pistoni hugonga silinda kwa ukucha, anangoja tena. Mwisho huzishika mbili mbili baina ya viganja vyake, huzibana kwa pamoja, huziachia: zikirudi sawasawa ni jozi, moja ikichelewa hufunguliwa upya. Halafu huligandamiza gari lote kwa mkono na kuliachia. Likipanda na kupita kimo chake likashuka tena, mafuta ni mepesi. Likipanda kwa uvivu, mafuta ni mazito, na katika njia ya ng'ombe gurudumu halitapata muda wa kurudi kabla ya shimo linalofuata. Linalotakiwa ni kupanda mara moja na kukaa.

Hatukumwambia kuhusu kizibo cha maji. Tulikiokota tu, tukakijaza, tukakiweka juu ya gari, tukamwashiria alipitishe kwenye njia. Alituelewa. Gari likaenda lenyewe, bila ya ufito, kwa mwendo ambao sisi tungelazimika kuukimbilia, magurudumu yakipanda na kushuka kila moja kwa wakati wake na mwili ukielea juu yake. Maji yalimwagika, tusiseme uongo, lakini nusu ilirudi.

Kikao kilikaa usiku, wazee wanne na ndugu yetu, na mama yetu kando ya mlango kwenye kigoda chake. Mzee mmoja alisema mtoto arudie mitihani. Wa pili alisema aende Bariadi akajifunze ufundi katika chuo, na alipoulizwa ada nani atalipa akanyamaza. Ndugu yetu alisema, kwa haki, kwamba yeye hapingi ufundi. Anapinga mtu kufanya ufundi ambao hakuna anayeulipia. Jambo hili lilikuwa zito na hatukuwa na jibu. Ni rahisi kwa mwandishi anayekuja kwa basi na kuondoka kwa basi kumsifu mtoto wa mwingine. Tumewasikia wengi wakisema kwamba watoto wetu wana vipaji. Ndugu yetu ndiye anayemlisha mwenye kipaji.

Mama alikuwa kimya muda wote. Masikio yake yamepungua, tukadhani hafuati. Kisha akamwita mjukuu, akamwambia alete kile kidude cha maji mazito. Akakishika, akakibonyeza kwa dole gumba, akakiachia, akakibonyeza tena.

"Hiki waweza kukitia kwenye mkokoteni?" akauliza.

Kijana akachuchumaa mbele yake. "Hapana, Bibi. Hiki ni cha kilo moja. Mkokoteni una mizigo ya kilo mia tano na zaidi. Kitapasuka."

"Kikubwa chake hakipo?"

"Kipo. Cha pikipiki. Lakini lazima kwanza ekseli ikatwe kutoka kwenye sanduku, itiwe mikono na springi. Nimewahi kuchora."

Mama akamrudishia kidude. Akamtazama ndugu yetu, kitinda mimba wake, akasema, "Ulikuja juu ya pamba, wewe," wala hakuongeza neno. Ndugu yetu anaijua habari hiyo. Ameisikia mara nyingi kuliko alivyotaka. Safari hii aliinamisha kichwa akawa anachora mchangani kwa kijiti.

Tusimdanganye msomaji kwamba mambo yalinyooka usiku ule. Kilichoamuliwa ni kidogo: kijana apewe muda hadi msimu wa pamba uishe, na katika muda huo aende kila siku kwa fundi wa pikipiki aliye njia panda, bila ya malipo, akajifunze. Gari lisichomwe. Baada ya miezi mitatu tuliletewa habari kwamba fundi amemwachia kazi ya shokomzoba za mbele peke yake. Pikipiki zibebazo abiria vijijini huharibu sili hizo mapema, oili huvuja ikashuka hadi kwenye breki, na kazi ya kuzibadilisha inataka mtu safi asiye na pupa, kwa sababu chembe moja ya mchanga yatosha kuiharibu sili mpya siku hiyo hiyo. Fundi alikuwa na vijana wawili wenye nguvu kuliko yeye na wenye vyeti. Kazi hiyo hakuwapa.

Mchoro wa mkokoteni tuliuona mwaka jana. Una makosa. Kijana aliweka springi mbili tu, na alisahau kwamba ng'ombe huvuta kutoka mbele na kwa hiyo sanduku litataka kuinama. Tulimwonyesha, akakasirika, akaenda zake, akarudi kesho yake na mchoro wa pili. Fedha ya chuma haijapatikana. Lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, tangu mwaka 1973, na huenda likawa mahali pa kupeleka mchoro huo. Tumemwahidi kumwandikia barua, nasi tunakiri hapa kwamba hatujaiandika. Lakini ikiwa tunakusanya nyimbo za kuvunia na kuzihifadhi, basi daftari la kijana yule lenye namba za vichupa vyake, saa za mchana na tabia ya gari katika luseni na katika mbuga linastahili rafu hiyo hiyo, na litunzwe lingali na mwenyewe wa kulisoma.

Asubuhi ya kuondoka kwetu ilikuwa Jumamosi. Tulimkuta kijana chini ya mwembe na beseni la maji ya uvuguvugu, shokomzoba nne zimefunguliwa juu ya kitambaa, kila moja mahali pake, za mbele kushoto na za nyuma kulia. Ndugu yetu alikuja kutuaga akiwa amebeba jembe. Alisimama. Kijana alikuwa amekwisha kujaza jozi ya kwanza, akaiweka kando ili viputo vipande. Ndugu yetu akaliegemeza jembe kwenye mti, akaziokota zile mbili kama mtu aokotaye mayai, akaziweka baina ya viganja vyake, akazibana, akaziachia.

"Hii ya kushoto inachelewa," akasema.

Kijana akaipokea, akaitazama katika mwanga, akaanza kuifungua uzi.